Uliza Mama Banda: Kiinua mgongo, keji tano na joto la Januari

Wiki hii barua karibu zote ni za keji, vile vizimba vya waya vya kufugia kuku. Sijui kuna nani anatembeza matangazo huko mitaani, maana mpaka shoga yangu wa kanisani kaniuliza keji bei gani na hata kifaranga hana. Haya, nimechagua tano, zingine majibu yake yamo humuhumu ndani.

Mama Banda habari za kazi. Mi mstaafu, nipo Goba, kiinua mgongo kimeingia mwezi uliopita na kabla watoto hawajakimaliza nataka nifuge kuku wa mayai. Fundi kanipigia hesabu ya keji seti tano, kila seti kuku 96, jumla 480, anasema yai linajiviringisha lenyewe mpaka kwenye mfereji mbele, kazi yangu kuokota tu. Nilitaka nilipe advansi Jumatatu. Sasa kijana wangu kanitumia kwenye wasap eti Ulaya keji zimepigwa marufuku, kuku wanateseka, nifuge chini. Mama, hayo si mambo ya watu walioshiba? Na chini nitaweza kweli, na magoti yenyewe haya? — Mstaafu, Goba

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kustaafu salama. Hiyo advansi ya Jumatatu iache kwanza ilale kwenye simu.

Nianze na yangu mwenyewe usije ukasema huyu mama anasoma vitabuni. Nilishakuwa na keji mimi. Seti mbili, hela ya kikoba, nikazifunga kwenye banda langu Chanika, bati juu, dari hakuna. Miezi minne ya mwanzo raha tupu, banda safi, mayai masafi, nikawa naringa. Ikaingia Januari. Joto la Dar la Januari unalijua, sasa siku hiyo umeme ukakatika saa sita mchana feni zikalala. Kuku akizidiwa na joto anaachama mdomo anahema, alafu anatanua mabawa hewa ipite kwapani, ndo namna yake Mungu aliyompa, sasa yule wa keji atayatanulia wapi na wenzie watatu wamembana huku na huku? Walioumia zaidi ni wa safu ya juu, wapo puani mwa bati. Mpaka saa kumi jioni nimeshatoa 11, shingo zimelala kwenye waya, na mmoja ilibidi nimchomoe kidole kwa kidole maana kucha imekua ndefu imejizungusha kwenye waya wa sakafu, kumbe alikuwa hapo hapo miezi, hawezi hata kugeuka vizuri na mi kila siku napita nakusanya mayai yake.

Jioni ile nikachukua futi nikapima chumba kimoja. Sentimita 45 kwa 45, kuku wanne. Ukigawa kila mmoja anapata kama sentimita za mraba 506. Karatasi ya A4, hii ya kutolea fotokopi, ina kama 624. Kwaiyo kuku wangu alikuwa anaishi kwenye eneo dogo kuliko karatasi ya fotokopi, anakula hapo, anataga hapo, analala hapo, usiku na mchana mpaka siku ya kuuzwa.

Waliobaki niliwashusha. Aisee siku ya kwanza walisimama tu kama wamegandishwa, kuku mzima hajui kukanyaga kitu laini. Siku ya tatu mmoja akachutama kwenye maranda, akajilaza ubavu, akaanza kujirushia vumbi kwenye manyoya, macho kafumba nusu kama mtu anayesingwa, mara pembeni yake wa pili, mara wa tatu, mpaka banda zima likawa vumbi tupu sioni mlango. Hakuna aliyewafundisha, na wao wametoka kwenye mashine ya kutotolea hata mama hawakumuona.

Sasa huyo kijana wako hajakudanganya, ila hajakumalizia habari. Uswisi walizimaliza keji mwaka 1992. Umoja wa Ulaya wakapitisha sheria yao 1999, wakawapa wafugaji mpaka tarehe 1 Januari 2012 zile keji za kizamani ziwe zimetoka. Kule California Marekani wananchi wamepiga kura juu ya keji mara mbili, 2008 na 2018. Lakini Ulaya hawajamaliza kazi, bado zipo nchi zenye keji kubwa kidogo, ndani zina kiota na mti wa kulalia, kila kuku anapewa sentimita za mraba 750, ambayo ni A4 na kipande, na wanabishana hadi leo kama hizo nazo ziondoke. Mi ninachokiona hapo wala sio ushibaji. Wale watu walilipa kuzifunga, wakaja wakalipa tena kuzing'oa, na sisi ndo tunaletewa ofa ya kuzifunga leo na kiinua mgongo chetu. Na habari ya kumhurumia mnyama nani kasema ya wazungu? Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na bibi yangu mimi Ulaya alikuwa haijui iko upande gani ila ukimfunga kuku miguu ukamuacha juani utachapwa wewe.

Twende kwenye hesabu. Kuku 480 chini, ukiwaweka sita kwenye mita moja ya mraba, banda lako ni mita 8 kwa 10. Viota, kimoja kwa kuku watano, vinakuja 96, seremala wa mtaani anakupigia kwa mabaki ya mbao. Miti ya kulalia, kila kuku sentimita 15, jumla mita 72 za mirunda membamba, mwambie alainishe kona zisiwachome miguu. Ongeza maranda. Zipeleke hesabu hizi kwa fundi wa pili, sio huyohuyo wa keji tafadhali, alafu uzilinganishe, mi kwangu chini ilitoka nafuu. Chakula hakikwepeki popote, gramu 120 kwa kuku kwa siku, 480 wanakula karibu kilo 58, yaani mfuko wa kilo 50 na kidogo kila siku iendayo kwa Mungu, na wa chini anakula zaidi kidogo kwa sababu anatembea. Hilo ni kweli, asikudanganye mtu.

Ila kuna hesabu moja fundi hakukupigia, ni ile ya siku kuku anapochoka kutaga ukamuuza nyama. Wa keji hatembei, na kalsiamu yake inaishia kwenye maganda ya mayai, mifupa inakuwa kama njiti za kiberiti. Wangu wale niliowashusha toka keji shingo zilikuwa hazina manyoya, mnunuzi kamshika mmoja bawa likalia ta! mkononi mwake, akaniangalia, akashusha bei kwa wote, na mi nikakosa la kujibu. Waliofuata, wa chini, walichukuliwa na kamati ya harusi wote siku moja.

Tabu ya chini ni maranda, na hapo mzee nisikufiche keji inashinda. Kuku wa keji hakanyagi kinyesi chake kwaiyo ile kuhara damu na minyoo vinampitia mbali. We ukifuga chini maranda yakalowa, hasa masika, umeisha. Vyombo vya maji visivuje, yageuze kwa reki kila siku mbili tatu, palipoganda toa weka makavu. Magoti yako yatulize, safu za viota ziwekwe ukutani na vifuniko vifungukie nje, ya chini iwe nusu mita toka ardhini na mti mbele wa kurukia, unaokota umesimama huku unasikiliza redio. Kugeuza maranda tafuta kijana.

Mama Banda shikamoo. Nina kuku 200 chini, Kigamboni. Mayai robo nzima wanataga chini kwenye kona, machafu, mengine wanayala. Alafu wameanza kudonoana mkiani mpaka damu, wawili wamekufa. Jirani anasema nikate midomo yote na mwakani ninunue keji nipumzike. — Mama wa Watatu, Kigamboni

Marahaba mwanangu. Nikuulize, viota uliviweka lini? Maana nina uhakika uliweka baada ya kuona yai la kwanza, wote tunafanya hivo. Kuku anaanza kutaga kwenye wiki ya 18 mpaka 20, sasa viota anatakiwa avikute tangu wiki ya 16, aingie atoke, apekue, achague chake. Akishazoea kona ndo nyumbani kwao, na wenzie wakiona yai pale wanaona kumbe ndo leba.

Kwa hao ulionao fanya hivi. Kona zote za giza weka tofali au ziba na ubao, mwanga ufike, na kwenye viota fanya kinyume, ning'iniza kipande cha gunia mlangoni kuwe na giza giza, tandika maranda mapya, alafu weka yai la bandia, hata mpira wa tenisi ya mezani unatosha, nimeutumia sana wa mwanangu. Wengi wanataga asubuhi mpaka kwenye saa tano hivi, kwaiyo wiki mbili tatu uwe unapita bandani kila baada ya muda, yai la chini usiliache hata dakika tano, na ukimkuta kaketi kona mnyanyue taratibu mweke kiotani. Wanaudhi, najua. Masaa hayo usifagie, usigeuze maranda, na wageni wa kuja kuona mradi waje mchana.

Kula mayai kunaanzia na yai lililopasuka, kwaiyo angalia na chokaa, kama ganda ni laini ongeza maganda ya konokono yaliyosagwa, we wa Kigamboni unakosaje.

Kudonoana ndo kubwa. Hilo nalo hutokea zaidi chini kuliko kwenye keji ndogo, maana chini mmoja mwenye fujo anawafikia wote. Midomo usikate. Ule mdomo una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha, sio kama kucha yetu, ukikatwa na kisu cha moto anaumia siku nyingi na chakula anashindwa kula vizuri, na chanzo chako bado kipo palepale. Tafuta chanzo. Kwanza wapime, 200 wako kwenye mita ngapi? Pili jua linaingia moja kwa moja? Mwanga mkali unawatia wazimu, tundika gunia upande wa magharibi. Tatu chakula, kama unachanganya mwenyewe na umepunguza dagaa na soya kwa sababu vimepanda bei, hapo ndo kwenye damu, kuku akikosa protini na chumvi anaifuata kwenye manyoya ya mwenzie. Mwenye kidonda mtoe siku hiyohiyo, mpake ile dawa ya bluu, asirudi mpaka apone kabisa maana wekundu unawaita. Alafu wape kazi, mafungu ya mchicha yaning'inizwe juu kidogo ya kichwa waruke wadonoe, jioni kabla ya giza punje kidogo zirushwe kwenye maranda wachakure. Kuku asiye na cha kuchakura anachakura mwenzie.

Kwa habari ya keji mwakani, barua ya kwanza hapo juu imejibu.

Mama nauza chipsi Buguruni. Wateja wanalalamika mayai viini vyeupe hadi zege, yaani chipsi mayai, linaonekana kama limeungua moshi. Nikichukua mayai ya kuku wa chini ndo yatakuwa ya njano? Na yana vitamini zaidi? — Fundi Zege, Buguruni

Mwanangu kiini ni chakula sio nyumba. Kuku akila mahindi meupe na pumba kiini kinakuwa cheupe hata umfuge ikulu, akila majani mabichi au mahindi ya njano kinageuka njano hata akiwa kwenye keji. Anayefungulia nje akala majani ndo maana yai lake la njano, ila wengi wa chini hapa mjini hawatoki nje, wanashinda bandani. Kwaiyo muulize anayekuuzia anawapa majani gani. Vitamini sikuahidi chochote kikubwa, mi kuku wa chini namtetea kwa sababu ya kuku na sio kwa sababu ya zege. Na ukiambiwa la kienyeji kisa dogo angalia vizuri, kuku wa kisasa mayai yake ya mwanzo nayo ni madogo, ukubwa wa yai sio cheti cha kuzaliwa.

Mama Banda nakuheshimu ila hapa unakosea. Watoto mtaani wanakula yai sikukuu kwa sikukuu, trei linapanda kila siku, we unaongelea kuku akoge vumbi. Keji zinaleta mayai mengi kwenye eneo dogo, na Dar kiwanja ni ghali. Tukishakuwa nchi tajiri ndo tutawaza raha ya kuku. — Mwanafunzi, Mwenge

Nimeipenda hii barua, na hoja ya kiwanja umenibana kweli. Mwenye chumba uani Sinza hawezi kuweka 480 chini, basi aweke 60, sioni kosa.

Ila angalia tena hapo kwenye umaskini. Nenda Chanika, Kivule, Mbagala, huyo mama mwenye kuku 100 anafugia wapi? Chini, kwenye maranda, tangu zamani, na trei lako la asubuhi limetoka kwake. Maskini hajawahi kuzuiwa na mtu kununua keji, kazuiwa na hela. Keji inakuja na mwenye mtaji, anaweka maelfu, anauza trei kwa bei ambayo mama yule hawezi kuifikia, mama anafunga banda. Mwaka wa kwanza trei linashuka, sikatai, ila mahindi na soya vikipanda vinapanda kwa wote, na chakula ndo zaidi ya nusu ya gharama ya yai iwe keji iwe chini. Anayetaka trei lishuke bei akapiganie chakula cha kuku.

Kuna gharama ya ziada chini, nimeshasema, anakula zaidi kidogo, anahitaji mtu, mayai machache yanachafuka. Kwenye trei inafika shilingi kadhaa na mteja wa dukani hapa hatakuongezea hata mia kwa sababu kuku wako ana furaha. Anayeweza kuongeza ni hoteli. Makampuni makubwa ya nje kama Marriott, Hilton na Nestlé yalishatangaza miaka ya nyuma kwamba wanahamia kwenye mayai yasiyo ya keji, na kutangaza ni kitu kimoja na kutekeleza ni kingine, lakini meneja manunuzi wa hoteli mjini akiulizwa na makao makuu yake mayai yanatoka wapi itabidi apige simu kwa mtu. Mi ningependa simu hiyo ipigwe Chanika. Ila usijenge banda kwa ajili ya simu ambayo haijaita, jenga kwa bei ya dukani, hoteli ikija iwe nyongeza.

Na ile ya kusubiri utajiri. Hao matajiri walianza na keji, ndo wanahangaika kuzitoa. Sisi kuku wetu wengi bado wapo chini, hatuna cha kung'oa, kinachotakiwa ni kuwaboreshea hukohuko walipo, viota, miti ya kulalia, maranda makavu, chanjo ya mdondo kwa wakati. Mbona ni rahisi kuliko kubomoa.

Shikamoo mama. Mi nafanya kazi kwenye banda la keji, kuku elfu na zaidi, bosi simtaji. Kuna wanaonasa shingo kwenye waya, kuna wasio na manyoya kabisa. Nikimwambia bosi anasema we lisha tu. Nifanyeje? Kazi naitaka. — Kijana wa Banda, Kivule

Marahaba baba. Usimwambie kuku wanateseka, ameshaonyesha hilo halimgusi. Chukua daftari la shule, wiki mbili andika waliokufa, wamekufa safu gani na saa ngapi, mayai yaliyopasuka mangapi, alafu mpelekee kwa hela, kila aliyekufa piga bei yake na mayai ambayo angetaga. Muombe jambo moja dogo, safu ya juu tu, kila chumba apunguze kuku mmoja kwa mwezi mmoja aone vifo na mayai. Wa kupunguza wachague walio hoi zaidi, wawekwe chini kwenye kona ya stoo na maranda, hata thelathini tu, uwatunze wewe, ajionee mwenyewe wanavyotaga. Mchana wa joto mwaga maji juu ya bati, na ya kunywa badilisha yawe ya baridi, hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.

Na hizo waya zinazonasa shingo azima plaizi kesho asubuhi kabla hujalisha, pita chumba kwa chumba, kila ncha iliyotokeza ikunje irudi nje.